Begi la Emérite

Kila Ijumaa jioni, nyumba ya akina Héritière huko Malvern hunukia sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Mama Marthe hufunga mapema banda lake la kusukia nywele kwenye barabara ya Jules, hununua dagaa wakavu njiani, na hufika nyumbani akiilalamikia miguu yake. Ijumaa hiyo ya mwezi wa Julai alipika kama kawaida, lakini yeye mwenyewe hakukaa mezani. Kanisa lao lilikuwa limeanza maombi ya kufunga mpaka ibada ya Jumapili, kwa ajili ya familia zilizokuwa bado zinasubiri karatasi za kuishi Afrika Kusini. Baba yake Héritière alikuwa mmoja wa waliosubiri, na kwa kusubiri kwake alikuwa amekonda.

"Ninyi watoto mle," alisema Mama Marthe akipakua ugali. "Kufunga ni kazi ya wakubwa. Tena kesho mnapanda mlima."

Hénock, mdogo wake Héritière mwenye miaka kumi na mmoja, alisema ameshakula kwa rafiki yake Exaucé, nyumba ya jirani. Hakuna aliyemtilia shaka. Exaucé ana bibi anayelisha kila mtoto anayepita mlangoni.

"Héri, umchunge mdogo wako huko," Mama Marthe aliendelea.

"Mama, mimi ni kiongozi wa kikosi. Nitawachunga wote."

Héritière alikuwa na miaka kumi na mitatu, na cheo hicho cha skauti kilikuwa kipya kabisa. Alikivaa shuleni, alikivaa kanisani, na nadhani alilala nacho kitandani.

Kesho yake asubuhi, kikosi cha Korongo kilikusanyika nje ya ukumbi wa kanisa. Walikuwa wanne: Héritière, Hénock, Yves, mvulana mwenye mdomo usiochoka, na Emérite, msichana wa Kirundi aliyejiunga na skauti majuzi tu. Emérite aliishi Berea na mama yake mdogo, katika ghorofa moja kuukuu ambamo familia kadhaa hugawana nyumba kwa mapazia. Hakusali kanisa lao. Alikuwa mkimya, na mtu mkimya huzungumziwa sana.

"Eish, Berea," Yves alimnong'oneza Héritière. "Huko ukianika soksi dirishani, huzioni tena."

Héritière hakucheka, lakini neno hilo lilimwingia.

Kiongozi wao mkuu alikuwa Gaston, fundi cherehani na mzee wa kanisa, aliyekuwa skauti tangu utoto wake Bukavu. Watoto walimwita Shefu, kama skauti wa Kongo wanavyowaita viongozi wao. Wakati wa baridi alikuwa na desturi ya kupeleka kikosi kimoja tu kwa safari moja, ili aweze kumjua kila mtoto kwa mwendo wake. Alikagua mabegi yao moja baada ya jingine. Aliitoa suruali ya jinzi ya Yves, kwa kuwa jinzi ikilowa haikauki. Alihakikisha kila mtu ana nguo kavu za kulalia ndani ya mfuko wa plastiki.

"Nisikilizeni," alisema. "Mchana mtaona jua, mtadhani mnatembea Durban. Jua likizama, huko mlimani maji yanaganda ndani ya chupa. Na moto wa kuni hatuwashi, nyasi ni kavu, tutaunguza mlima wa watu. Kwa hiyo moto wenu ni chakula. Kila tukipumzika, mnakula, hata kama hamna njaa. Sawa?"

"Sawa, Shefu!"

"La pili. Kila mtu ana pacha wake wa safari. Héritière na Hénock. Emérite na Yves. Mtu aliyeshikwa na baridi kali hajui kwamba ameshikwa. Atakuambia yuko sharp, mzima kabisa. Kwa hiyo usimuulize tu. Mtazame usoni, mtazame mikono, msikilize anavyoongea. Na kiongozi wa kikosi anatembea nyuma kabisa, ili asiachwe mtu."

Gari la kanisa, likiendeshwa na Kaka Karimu, liliwafikisha kwenye milima ya Magaliesberg kabla jua halijapanda sana. Karimu alibaki na gari kwenye shamba moja chini ya mlima. Wao walivaa mabegi yao wakaanza kupanda, Shefu mbele, Héritière nyuma kabisa, kama alivyoagizwa. Nyasi zilikuwa na rangi ya mkate uliookwa, na penye kivuli umande ulikuwa umeganda, ukilia chini ya viatu.

Mapumziko ya kwanza walikaa kwenye miamba. Héritière aligawa vifurushi vya karanga na biskuti, kila mtu chake. Alimtazama Hénock usoni, akamwona yuko salama, akaridhika. Kisha alipokuwa akifunga begi lake, aliona kitu kwa pembe ya jicho. Emérite alikuwa anaingiza kifurushi ndani ya begi lake. Baada ya hapo, akafungua kingine akaanza kula.

Vifurushi viwili. Vimetoka wapi?

Yves pia alikuwa ameona. "Umeona?" alinong'ona. "Mimi nilikuambia."

Héritière alilifungua tena begi lake. Alikagua mfuko wa chakula cha pamoja alioubeba mwenyewe. Haikuonekana kama kuna kilichopungua, lakini mtu akishaanza kushuku, hata mfuko uliojaa humwonekea una tundu. Labda Emérite aliiba kabla ya safari. Labda aliingiza mkono wakati yeye anamsaidia Yves na kamba za begi. Kadiri alivyofikiri, ndivyo Emérite alivyozidi kuonekana mwizi, hata kwa namna anavyofunga zipu.

Waliposimama kuondoka, Héritière alifanya jambo ambalo Shefu, aliyekuwa ameshatangulia kutafuta njia, hakuliona. Alipita mbele akajiweka nyuma ya Emérite, apate kuliona begi lile muda wote.

"Hénock, wewe kaa nyuma," alisema.

"Si wewe ndiye unayetembea nyuma, Yaya?" aliuliza, kwa neno la kwao la kumwita dada mkubwa.

"Fanya ninavyokuambia. Nina kazi."

Hénock hakubisha. Kwa kawaida Hénock hubishana hata na redio, na hilo peke yake lingetosha kumshtua dada yake. Halikumshtua. Macho yake yalikuwa kwenye begi la kijani lililokuwa likipanda na kushuka mbele yake.

Wakati wa chakula cha mchana mambo yalizidi kuwa mabaya. Shefu aliwapa mikate yenye jibini na yai, akaenda kuangalia upande wa pili wa bonde. Héritière alijifanya anatazama tai angani. Tai hakuwepo. Alipoteremsha macho, Emérite alikuwa na mkate mmoja mkononi na mwingine umefungwa kwenye karatasi, akiusukuma chini kabisa ya begi.

"Emérite," aliita. "Mbona una mikate miwili?"

Emérite alishtuka. "Nimepewa."

"Na nani?"

Msichana yule alitazama chini. "Siwezi kusema."

"Huwezi, au hutaki?"

"Nimeahidi, Héritière. Siwezi."

Yves alipiga mluzi mdogo. Héritière alihisi uso wake ukiwaka. Siwezi kusema! Mtu asiye na hatia hushindwaje kusema? Angeweza kumwita Shefu palepale, jambo likaisha. Lakini alitaka kumkamata vizuri, na ushahidi wote uwe mezani. Aliamua kwamba wakifika kambini atalifungua begi lile mbele ya wote, na hapo kila mtu atajua kwamba kiongozi wa Korongo hachezewi.

Hénock alikuwa amekaa nyuma ya jiwe, mikono ameibana kwapani. Muda wa kuondoka ulipofika alichelewa kuinuka.

"Acha uvivu," dada yake alimwambia, bila kumsogelea.

Mchana walishuka bondeni wakavuka kijito. Maji yalikuwa machache, na mawe ya kukanyagia yalikuwa makubwa. Héritière alivuka akimfuata Emérite kama askari wa dukani. Alisikia nyuma yake kishindo cha maji.

"Uko sawa?" aliuliza, bila kugeuka.

"Sharp," alijibu Hénock.

Emérite ndiye aliyegeuka. Alisimama kwenye ukingo akamtazama mvulana yule kwa muda mrefu, akafungua mdomo kama anayetaka kusema kitu, kisha akamwona Héritière anavyomkazia macho. Akafunga mdomo, akaendelea kutembea. Héritière alichukua hata hilo kuwa dalili ya hatia.

Walifika mahali pa kambi jua likiegemea mgongo wa mlima. Shefu aliwaonyesha pa kusimamisha mahema, akachukua vyombo akaenda kuteka maji kisimani, si mbali. Mara tu jua lilipojificha, baridi ilishuka. Haikuja polepole kama ya mjini. Ilikuja yote kwa pamoja, ikapenya glavu na kola.

"Kabla ya mahema," Héritière alisema kwa sauti yake ya cheo, "tunakagua mabegi. Tunaanza na la Emérite."

"Kwa nini langu?" Emérite aliuliza.

"Unajua kwa nini."

"Shefu ndiye anayekagua mabegi."

"Mimi ni kiongozi." Alilivuta begi la kijani kutoka mikononi mwa mwenzake, akafungua zipu, akamwaga kila kilichokuwemo juu ya nyasi. Zilitoka nguo za kulalia katika plastiki. Ilitoka sweta iliyofumwa kwa mkono. Kisha vikatoka karanga, biskuti, mkate uliofungwa kwenye karatasi, na chungwa, vyote vizima, hakuna hata kimoja kilichoumwa.

Yves alikunja uso. "Mbona hajala?"

Swali hilo lilikuwa la busara kuliko yote aliyowahi kusema Yves. Mwizi wa chakula hubeba chakula mlima mzima bila kukila? Emérite alikuwa analia sasa, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

"Si changu," alisema. "Ni cha Hénock. Kila tukipumzika ananipa nimtunzie. Anafunga mpaka Jumapili, kwa ajili ya karatasi za baba yenu. Alisema nikikuambia utamwambia mama. Nimembembeleza ale, kila mara nimembembeleza! Yuko wapi Hénock?"

Wote waligeuka. Hénock hakuwa pamoja nao.

Héritière alimkuta hatua chache nyuma ya vichaka, amekaa kwenye ardhi tupu. Kofia ilikuwa imemwanguka na hakuiokota. Alikuwa anajaribu kufungua kamba ya begi lake, lakini vidole vilikuwa vinapita kando ya kamba kama vya mtu aliyefumba macho. Kiatu kimoja kilikuwa kimelowa mpaka kwenye kifundo. Midomo yake ilikuwa na rangi ya kijivu.

"Hénock! Hénock, nitazame. Jina la mama nani?"

Mdogo wake alimtazama kama anayemtazama mtu wa mbali. "Ma... tunaenda nyumbani," alisema, maneno yakiburutana. "Nataka kulala."

Hofu iliyompata Héritière wakati huo hakuwahi kuijua. Alipiga kelele, "Shefu! Shefu!" mpaka sauti ikakatika.

Gaston alikuja mbio, maji yakimwagika njia nzima. Hakuuliza nani kakosa. "Yves, tandaza mikeka yote hapa nyuma ya jiwe, pasipo upepo. Emérite, washa jiko la gesi, weka maji na sukari nyingi. Héritière, nguo zake kavu. Haraka, lakini msimsugue wala kumvutavuta."

Walimvua viatu na soksi zilizolowa. Walimvisha nguo za kulalia, na juu yake sweta ya Emérite, kisha wakamwingiza kwenye mfuko wa kulalia na kuongeza mwingine juu. Héritière alijilaza akamkumbatia kwa nguvu, akihisi mwili ule mdogo ukiwa baridi kama bomba la asubuhi. Gaston alimpigia Karimu simu apande na gari kwa njia ya shamba iliyofika karibu na kambi.

Baada ya muda Hénock alianza kutetemeka kwa nguvu, na Shefu akavuta pumzi. "Vizuri. Akitetemeka ni vizuri. Sasa yuko macho, anaweza kunywa."

Maji ya sukari yalikuwa tayari. Héritière alimsogezea kikombe mdomoni. Hénock alifunga midomo.

"Kunywa, tafadhali."

"Hapana. Nimemwahidi Mungu." Machozi yalimtoka. "Nikinywa, Baba hatapata karatasi. Itakuwa juu yangu."

Héritière alihisi moyo wake ukipasuka. Mdogo wake alikuwa amebeba mzigo huo mlima mzima, hatua kadhaa nyuma yake, na yeye hakugeuka. Aliinua macho, akamwona Emérite amepiga magoti kando ya jiko, amebaki na shati na jaketi jepesi kwa sababu sweta yake ilikuwa kwa Hénock. Basi alifanya kitu ambacho asubuhi ile asingeweza hata kukifikiria. Alimnyooshea kikombe.

"Mpe wewe," alisema. "Wewe anakuamini. Mimi leo sistahili."

Emérite alikipokea. "Hénock, uliniambia nikutunzie mpaka Jumapili," alisema kwa upole. "Mimi sitaki kutunza tena. Naogopa. Kunywa."

Gaston aliinama upande wa pili. "Na mimi mzee wa kanisa nakuambia, mwanangu, mfungo wako umekwisha. Mungu hauzi karatasi kwa tumbo la mtoto. Ombi la baba yako tumelibeba sisi wakubwa. Kunywa."

Hénock alimtazama Shefu, akamtazama Emérite. Akafungua mdomo. Alikunywa kidogo, kisha zaidi, kisha akakishika kikombe mwenyewe kwa mikono inayotetemeka.

Usiku huo hawakulala kwenye mahema. Gari la Karimu liliwapeleka wote kwenye zahanati ya mji wa karibu, ambako nesi alimpima Hénock, akasema amepona kwa sababu aliwahiwa, akampa uji na maneno makali kwa kiasi kilekile. Kwenye gari Shefu Gaston aliongea kwa sauti ya chini.

"Emérite, una moyo mzuri, lakini umekosea. Ahadi ya kuficha jambo linaloweza kumdhuru mtu haitunzwi, unakuja kwangu. Yves, mdomo wako ndio uliowasha moto huu. Nami nimekosea, sikugeuka kuwatazama vya kutosha." Kisha akamgeukia kiongozi wa kikosi. "Héritière, wewe nilikupa uso wa mdogo wako uutazame. Ukachagua begi."

Héritière hakujitetea. Alimwomba Emérite msamaha mbele ya wote. Emérite alifikiri kwanza. "Nimekusamehe," alisema mwishowe. "Lakini begi langu usiliguse tena."

Mama Marthe aliposikia habari yote, alimkumbatia Hénock kwa muda mrefu mno, kisha akamwambia Héritière avae viatu. Msamaha wa kwenye gari haukumtosha. Walikwenda watatu mpaka Berea, wakapanda ngazi za ghorofa lile, wakagonga. Aliyefungua alikuwa Jocelyne, mama mdogo wa Emérite, mwanamke mwembamba anayeuza nguo kwenye kibaraza cha mtaa. Hakuwa anajua lolote, kwa maana Emérite hakuwa amemwambia.

"Mwanangu ana jambo la kusema," Mama Marthe alisema, akamsogeza Héritière mbele.

Héritière alisema yote mwenyewe. Alisema jinsi alivyomshuku, jinsi alivyolimwaga begi, na neno lile la Berea lililomwingia masikioni naye akaliamini. Sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu alikuwa anaisema akiwa amesimama ndani ya Berea, kwenye chumba kisafi kilichogawanywa kwa pazia la maua, huku Emérite akimsikiliza.

Mama Jocelyne alimsogelea Héritière. Kisha akamshika mkono, akamketisha kitandani karibu naye.

"Nikiingia duka la watu, mlinzi ananifuata," alisema. "Nikishika kitambaa, wananitazama mikono. Hawanijui jina, hawajui nimeamka saa ngapi, lakini mikono yangu wanaitazama. Nawe hujawahi kufuatwa hivyo?"

"Nimefuatwa, Mama."

"Iliuma?"

"Iliuma sana."

"Basi usimfanyie mwenzako. Ukiwa na shaka na mtu, muulize vizuri, au mwite mkubwa aulize. Lakini ukimfuatafuata kimya, utaona unachokitaka tu, na aliye nyuma yako atazimia bila wewe kujua." Alimtazama Mama Marthe, kisha Hénock, aliyekuwa ameegemea mlango. "Na wewe kijana, ukiwa na mzigo wa baba yako moyoni, mwambie mama yako. Usiubebe peke yako kwa njaa."

Emérite alikuja na sahani za maharage na ndizi. Moja aliiweka mbele ya Héritière, bila tabasamu, lakini aliiweka. Kisha akaketi kando yake, mabega yao yakigusana, maana kitanda kilikuwa kidogo.

"Hénock," Mama Jocelyne aliita, "njoo ule."

Hénock alimtazama mama yake. Mama Marthe alitikisa kichwa kukubali, na mvulana yule akaivamia sahani kama mtu aliyeshuka mlimani sasa hivi.